Tondezi ya kukalia: mashini moja ya zamani na wafundi wenye hawakuandikwa

Wandugu, ku fakilte ya histoire tulifundishwa kusoma barua za wasimamizi wa kolonia, rapoti za wamisionere na magazeti ya zamani. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kusoma mashini. Na bila hiyo sehemu kubwa ya historia yetu inabaki inje ya mlango, kwa sababu watu wa kazi ya mikono hawakuacha rapoti. Waliacha alama ku vyuma.

Nataka kusema juu ya mashini ya kukata majani, ile ya kukalia, yenye usukani na magurudumu ine kama trakta ndogo. Mekanisye wa kwetu Likasi wanaiita tondezi. Moja ya hizo ilikuwa inalala nyuma ya depo ya misheni, chini ya mabati, tangu wakati wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka uliopita mzee mekanisye mmoja, vijana wawili wa kanisa na miye tuliitoa pale, tukaitengeneza mpaka ikawaka. Nitafika ku ile kazi. Lakini tuanze mbali kidogo, juu ya kila kipande cha ile mashini kiko na njia yake.

Kukata majani ili yabaki mafupi kama mkeka, si ya kulisha ng'ombe, si ya kutayarisha shamba, ya kuangalia tu: mazoea hayo yalikuzwa na wakubwa wa Uingereza na Ufaransa ku manyumba yao makubwa. Mbele ya 1830 kazi hiyo ilifanywa na kondoo, ao na wanaume wenye mundu mrefu wa mikono miwili. Waliamka alfajiri, kwa sababu majani yenye umande yanakatika vizuri kuliko yenye kukauka. Tajiri mwenye uwanja kama huo alikuwa anaambia majirani wake bila kufungua kinywa: niko na udongo mwingi wenye sina lazima ya kuulima, na niko na feza ya kulipa watu kwa kazi yenye haileti chakula. Muchunge neno hilo, litarudi kwetu Katanga.

Kisha akatokea Edwin Beard Budding. Huyu hakuwa mtu wa bustani. Alikuwa fundi wa mashini kule Thrupp, karibu na Stroud, jimbo la Gloucestershire, fasi yenye viwanda vya nguo za manyoya ya kondoo. Ndani ya viwanda hivyo kulikuwa mashini yenye visu vilivyopindwa kuzunguka silinda, ikipita juu ya kitambaa na kunyoa manyoya yaliyosimama. Budding akaona kwamba kile kinachonyoa kitambaa kinaweza kunyoa na udongo. Tarehe 31 Agosti 1830 alipata hati ya uvumbuzi, na pamoja na John Ferrabee wakaanza kutengeneza. Kati ya wanunuzi wa kwanza kulikuwa bustani ya wanyama ya Regent's Park, London. Ndani ya hati yake aliandika kwamba hata wakubwa wenyewe wanaweza kuisukuma, ni mchezo mzuri na wa afya. Mbele ya ile mashini, lakini, aliweka mkono wa pili wa kuvutia, juu ilikuwa nzito: mmoja anasukuma, mwingine anavuta. Sizani wale wawili walikuwa wakubwa.

(Budding huyo huyo anahesabiwa kati ya watu wa kwanza kutengeneza ufunguo wa kukaza na kulegeza, kle amolete. Kumbe kila mekanisye wa Likasi anatembea na mzee Budding ku mufuko.)

Nyuma yake mambo yakaenda haraka. Kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kutengeneza mashini hiyo kwa ruhusa tangu 1832. Mwaka wa 1842 Alexander Shanks wa Arbroath, Uskoti, akaleta kubwa yenye kuvutwa na farasi, na yule farasi alivalishwa viatu vya ngozi ili kwato zake zisiharibu uwanja. Jaribu kuona ile picha. Mwaka wa 1893 James Sumner wa Leyland akaweka injini ya mvuke, na karakana ile njo ilikuja kuwa kampuni ya makamiyo ya Leyland. Mwaka wa 1899 Mmarekani mweusi, John Albert Burr, alipata hati kwa mashini iliyopangwa vizuri zaidi, yenye magurudumu yasiyojaa majani na yenye kukata karibu na ukuta. Jina lake tungalipaswa kulijua tangu masomo ya msingi. Mwaka wa 1902 Ransomes wakauza mashini yenye injini ya esanse.

Lakini tondezi ya kukalia kwa nyumba ya mtu wa kawaida ni mtoto wa nyuma ya vita ya pili. Marekani ilijenga mitaa mipya inje ya miji, kama Levittown kuanzia 1947, na kila nyumba iliuzwa na kiwanja chake cha majani. Injini ndogo zikashuka bei. Kisu cha silinda, ile ya Budding, kikaachia nafasi kisu cha kulala, chenye kuzunguka kwa nguvu kama panka na kupiga majani kuliko kuyakata kama makasi. Kisu kile kinahitaji mbio sana, kwa hiyo kilingojea injini ndogo yenye mbio. Na injini ilipofika, watu wakachoka kutembea nyuma ya mashini, wakataka kuikalia.

Kampuni ya International Harvester ilikuwa tayari na trakta ndogo ya shamba iliyoitwa Farmall Cub. Mwaka wa 1961 ikaanza kuuza mtoto wake, Cub Cadet, kwa mwenye nyumba. Injini ilitoka kwa Kohler wa Wisconsin (ndiyo, wale wale wa mabafu na masinki): silinda moja, chuma cha kuyeyushwa, yenye kupozwa na upepo, nguvu ya farasi 7. Gia zake zilikuwa ndugu za gia za Farmall Cub, kwa hiyo ile kitu ilikuwa na mifupa ya trakta. Miaka miwili nyuma John Deere akafuata na namba 110 yake.

Hapa nasimama kidogo, juu ya International Harvester. Kampuni hiyo iliundwa mwaka wa 1902 kwa kuunganisha McCormick, Deering na wengine, na utajiri wa McCormick ulitoka ku mashini ya kuvuna ngano iliyoonyeshwa Virginia mwaka wa 1831, mwaka mmoja nyuma ya hati ya Budding. Vitabu vinasema: Cyrus McCormick. Ile shamba la Virginia lilikuwa na mtumwa aliyeitwa Jo Anderson, mtu mweusi, na yeye njo alifanya kazi pamoja na McCormick kutengeneza ile mashini. Jina lake lilibaki, tena kwa bahati. Nilipojua hilo nilianza kuangalia ile mashini ya nyuma ya depo kwa macho mengine. Nilijiuliza: na kwetu, nani?

Kwa sababu kwetu majani yalikuwa na historia ingine. Elisabethville ilipoanzishwa mwaka wa 1910, wazungu waliogopa malaria, na walichora mji kwa woga ule. Kati ya mji wa wazungu na kambi ya weusi waliacha ukanda usiojengwa, upana wa karibu mita 700, wakiuita zone neutre, kwa maneno kwamba mbu hawezi kuruka mpaka kule. Mbu hakuwa na habari ya ile ramani. Majani marefu yalikuwa adui wa daktari na wa msimamizi, na pembeni ya nyumba ya mzungu yalipaswa kuwa mafupi. Yalikatwa na nini? Na kupekupe, kile chuma kirefu chenye kupinda ku mwisho, chenye unatupa kulia na kushoto mpaka mgongo unalia. Anayekata ni boyi, mfungwa, ao mtu wa kijiji aliyeletwa na kapita. Huko vijijini, kuanzia 1917, sheria ililazimisha siku 60 za kazi ya shamba kila mwaka, na wakati wa vita ya pili, mwaka wa 1942, ziliongezwa kufika 120. Hapo hatuhesabu barabara, yenye ilipaswa kufyekwa pande mbili.

Kwa hiyo mashini ya Budding, yenye ilizaliwa ili kupunguza watu wa mundu, kwetu haikuwa na haraka ya kufika. Nani atanunua mashini kama jasho ni bei rahisi kuliko esanse? Sisemi hili kwa hasira, nasema kwa hesabu. Tondezi zilifika ku viwanja vya golf, ku makampuni makubwa, ku misheni yenye marafiki wa ngambo. Fasi zingine kupekupe iliendelea, na miaka ya 1970 Mobutu akaipatia jina jipya, Salongo, siku ya kazi ya lazima kwa wote. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri, na wengi wanaikumbuka wakicheka. Majani yalikuwa yale yale.

Sasa ile yetu. Ilikuwa bila karatasi. Kibao cha namba kilikuwa kimeng'olewa zamani, zinabaki matundu mawili ya rivet. Misheni ilikuwa na daftari za ubatizo tangu zamani, lakini daftari za vitu zilipotea. Tulijua tu maneno ya wakristu wazee: "ililetwa na Waamerika."

Mukaba, ile kuruwa, njo ilitupatia mwaka. Ku Cub Cadet ya kwanza nguvu ya injini inaenda ku gia kwa njia ya kuruwa. Kuanzia 1963 kampuni ilileta namba mpya, 70 na 100, zenye mti wa chuma unaokwenda moja kwa moja bila kuruwa. Ile yetu iko na puli na fasi ya kuruwa. Basi ni ya 1961 mpaka 1963, hakuna kingine. Kwa mtu wa histoire ile ilikuwa furaha kubwa kuliko kupata barua.

Lakini fikirini mwaka wenyewe. Mwezi wa 9 mwaka wa 1961, hapa hapa Likasi, yenye iliitwa Jadotville, askari wa Ireland wa ONU walizungukwa na jandarmeri ya Katanga mpaka wakaishiwa maji na risasi. ONU haikuingia mji mbele ya Januari 1963, na secession ikaisha mwezi ule ule. Sioni namna gani katika ile moto mtu angalishusha trakta ya bustani ku gare ya Jadotville. Mimi nasema ilifika kuanzia 1963, pengine ikiwa imetumika kwanza kwa bwana mwingine kule Marekani. Ni wazo langu, si hati.

Tulipoanza kuifungua, mzee mekanisye aliniangalia na kalamu yangu. Akasema: "Weye unasoma bitabu, miye nasoma mafuta. Tutaona nani atamaliza mbele." Yeye alifanya miaka mingi ku atelie za Gécamines, na kwa miaka ile hakuna injini alikataa, kubwa ao ndogo.

Injini ilikuwa imeshika. Kuzungusha haiwezekani, pisto imekamatana na silinda kwa kutu. Vijana walitaka nyundo. Mzee alikataa kabisa. Alitoa buji, akafungua mabulo ya kilase, kile kifuniko cha juu ya silinda, moja moja, kila siku robo ya mzunguko, akitia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini. Kilase kilipotoka, alijaza lile bakuli juu ya pisto mchanganyiko ule ule, akafunika na kitambaa, akatufukuza. Siku tisa. Siku ya kumi aliweka kipande cha mti wa mwembe juu ya pisto na kugonga polepole na nyundo ya mbao, akisikiliza. Pisto ilishuka kama kidole kimoja. Hakuna aliyesema neno. Kisha ikashuka tena.

Sasa nasema juu ya jwe ya kilase, ile bapa inayokaa kati ya kilase na silinda ili moto usitoke pembeni. Kutoka kiwandani inakuwa ya nyuzinyuzi na chuma chembamba. Ile yetu ilikuwa ya shaba. Shaba nyekundu, bapa moja, iliyokatwa na mkono, matundu ya mabulo yaliyotobolewa moja moja na kusuguliwa. Si kazi ya Wisconsin. Ni mtu wa hapa, mwenye alikosa jwe na aliishi ku mji wa shaba, akatumia kile mji wake iko nacho. Tena alijua: shaba inakuwa ngumu kwa kutumika, lakini ukiichoma mpaka ikawa nyekundu na kuitia ndani ya maji, inalegea tena kama mpya, kinyume cha chuma. Mzee aliigeuza mikononi muda mrefu. "Huyu alikuwa fundi," akasema. Tungaliweza kuagiza jwe mpya, zinatengenezwa mpaka leo kwa sababu injini za Kohler za aina hiyo zilikuwa mingi sana. Mzee hakutaka kusikia. Aliichoma ile ile ku jiko la makala, akaitupa majini, akairudisha fasi yake. Inashika.

Nyuma ya ile tulianza kuona mikono kila pahali. Raba ya pedali ya breki ni kipande cha mupira wa gari, kama wa sandali. Resori moja ya kuchunga mbio ya injini ilikuwa imenyooshwa na kupindwa upya kutoka resori ya kitu kingine, hatukutambua nini. Kile kifuniko cha visu chini, chenye kutu ilikuwa imekula, kimetiwa kiraka cha bati la pipa, na kuchomelewa kwa mstari ulionyooka kama wa cherehani. Rangi ilikuwa tabaka tatu: chini kabisa njano na nyeupe ya kiwanda, kisha buluu, kisha kijani iliyopakwa na burashi ya nyumba.

Na ndani ya boneti, penye jua halifike, kulikuwa maandishi yaliyochongwa na msumari. Herufi mbili na tarehe, mara tatu. F.K. 12/74. Kisha N.M. 5/83. Kisha N.M. tena, 7/91.

Tazameni zile tarehe. Mwezi wa 12 mwaka wa 1974: mwaka mmoja nyuma ya Zairianization, ile amri ya Novemba 1973 yenye ilichukua maduka na mashamba ya wageni na kuyagawa, na nyuma yake vipande vya kubadilisha vikaanza kuwa vigumu kupatikana. Nadhani jwe ya shaba ilizaliwa hapo, mu mkono wa F.K. Mwezi wa 7 mwaka wa 1991: miezi miwili mbele ya mapora. Kinshasa ilianza mwezi wa 9, na Katanga nayo iliona yake. Maduka, depo, makarakana, mpaka mabati na nyaya ku kuta. Swali langu lilikuwa: namna gani mashini yenye kutengenezwa mwezi wa 7 iliponyoka?

Karbirateri haikuwako. Tulizani wezi. Tulianza kutafuta ya pikipiki yenye inaweza kukubali, na mzee alikuwa tayari anapima matundu, wakati mama mmoja mzee wa kanisa alifika na kifurushi ndani ya kitenge. Bwana wake alikuwa zamu pale misheni. Siku habari za mapora zilifika, yeye na mekanisye walitoa karbirateri, batri na magurudumu ya mbele. Karbirateri waliiingiza katikati ya mufuko wa makala jikoni kwake. Waporaji walifika, wakaona kitu bila magurudumu, bila batri, chenye kuonekana kimekufa tangu zamani, wakapita. Bwana wake alikufa mbele ya mtu yeyote kuulizia ile kitu. Mama aliichunga karibu miaka thelathini na mbili. Alisema: "Alinambia ni ya misheni, siwezi kuuzisha." Feza ya shaba na aluminiamu ile, kwa mwenye kununua vyuma, ingalimlisha siku mbili tatu, na miaka mingine alihitaji zile siku. Nilimuuliza kama hakujaribiwa. Aliniangalia tu.

N.M. njo yule mekanisye. Mama alijua jina lake, na watoto wake tuliwapata ku kartye. Jina lenyewe nawaachia wao kulitangaza wakitaka. F.K. hakumjua, alikuwa wa mbele yake.

Kazi iliyobaki nitaipitisha haraka. Karbirateri ilihitaji tu kusafishwa, makala iliichunga kavu. Masupapu mawili yalisuguliwa na pati mpaka mzunguko wa kijivu ukaonekana sawasawa. Maplatini, zile ncha mbili zenye kufungua na kufunga umeme wa buji, zilipigwa msasa laini na kuwekwa nafasi ya nusu milimita. Buji kidogo zaidi ya hapo. Masegema ya pisto yalirudi yale yale nyuma ya kusafishwa, kwa hiyo inatoa moshi kidogo asubuhi. Dinamo ya ile mashini inafanya kazi mbili: unapowasha inazungusha injini, na injini ikishika, inageuka kuchaji batri. Mzee alibadilisha makaa yake na yale ya mashini ingine, akayapunguza na kisu. Mafuta ya injini ni ya namba 30, na lazima kuyaangalia kila mara, kwa sababu ndani hakuna pompe: kijiko kidogo chini ya byele ya pisto kinachota mafuta na kuyarusha juu. Yakipungua, ao ukikata muda mrefu ku mteremko, kijiko kinachota upepo na injini inakufa. Na mtu asiguse visu mbele ya kutoa waya wa buji. Hilo mzee alilirudia mpaka tukachoka.

Ilipowaka mara ya kwanza ilikohoa, ikazima. Mara ya pili ilishika. Watoto walikimbia, kisha wakarudi.

Ugomvi ulianza nyuma ya hapo, na njo sababu naandika. Kamati ya vijana inataka kuipaka njano na nyeupe kama ya kiwanda, kutoa kiraka cha pipa, kuagiza boneti mpya, na kuiuza. Wageni wa makampuni ya migodi wanapenda vitu vya zamani vyenye kung'aa, na feza ingalilipia watoto wengi masomo. Sidharau ile hoja. Miye niko na diplome na sina kazi ya kudumu, najua feza ni nini. Mzee naye iko na wazo lake: nguvu ya farasi 7 inatosha kuzungusha kinu kidogo cha mahindi, na majani hayalishi mtu. "Bazungu banakata majani, siye tunakula lengalenga," aliniambia, na kwa kweli sina jibu zuri. Uwanja wa majani kwa ajili ya majani tu, hata miye haunigusi moyo.

Lakini rangi napinga. Ukiipaka njano na kubadilisha boneti, unapata Cub Cadet kama zingine zenye kuchungwa Marekani, ambako wapenzi wa mashini hizo wako nazo nyingi, tena nzuri kuliko ya kwetu. Kile chenye wao hawana ni jwe ya shaba ya Katanga, mstari wa kuchomelea wa mtu wa Likasi, na herufi za F.K. Historia ya kiwanda iko ndani ya vitabu tayari. Miaka iliyofuata, miaka ya kutokuwa na vipande, haina kitabu. Iko chini ya ile boneti. Ku lugha ya wenye kuchunga vitu vya zamani, kurudisha kitu namna kilivyotoka kiwandani na kukichunga namna kilivyoishi ni kazi mbili mbalimbali, na sisi wa histoire tungalipaswa kujua ni gani tunachagua.

Kwa sasa tumekubaliana hivi: mpaka mwisho wa mwaka wa masomo haiuzwi, haipakwi. Siku ya posho inakata kiwanja cha mupira cha masomo, saa moja na nusu, litre mbili na zaidi za esanse, na wanafunzi hawafyeki tena na kupekupe mbele ya saa ya darasa. Mtoto wa N.M. njo anaiendesha. Kinu cha mzee kinangojea injini ingine.

F.K. hatujamupata bado. Alikuwa anafanya kazi Likasi mwaka wa 1974, alijua kukata shaba na kuichoma, na pengine alikuwa na atelie yake ao alitoka ku kampuni na kufanya kazi za jioni. Wenye wazee wenu walikuwa mekanisye kule Panda, Kikula ao Shituru miaka ile, muwaulize leo magaribi, kama wangali wanaona na kusikia. Muulize na majina ya zamani, juu mwaka wa 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristu, na ile F. inaweza kuwa ya jina lenye alirudia bila ruhusa, mu giza la boneti.